Kibao cha Kiingereza cha Hilari wa Kwihara

Jumatatu, 6 Oktoba
Jua kali. Wageni wawili wamekuja kuona tembe la kale, wakanunua soda dukani kwa Luhende, ng'ambo ya barabara. Kwa nini? Ana kibao cha Kiingereza! Mimi, mwenye duka na friji jipya, nakodoa macho tu. Jumamosi linakuja basi zima. Basi hilo langu! Mke wangu Agnetha kasema nimwombe msaada Elieth, binti wa kaka yangu, mwalimu wa Kiingereza. Nimwombe mtoto niliyembeba mgongoni? Nimeazima kamusi yake tu.

Jumanne, 7 Oktoba
"Cold" ni baridi. Rahisi! Nikakumbuka kwamba nomino za Kizungu hutanguliwa na "a". Nikaiweka, ilete heshima. WE HAVE A COLD. COME IN. Rangi nyekundu. Luhende kasoma, kageuka kwenda zake. Wivu.

Jumatano, 8 Oktoba
Gari limesimama! Mama wa Kizungu kasoma, kavaa barakoa, kanirushia vidonge, kaenda kwa Luhende. Elieth akapita. Shikamoo yake ilichanganyika na kicheko. "Baba mdogo," kasema, "umewatangazia wageni kuwa mna mafua." Eti "cold" ikiwa nomino ni mafua, ikiwa kivumishi ni baridi. Neno moja, kazi mbili! Mimi hii moja tu imenishinda.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimeelewa. Kivumishi husifu. Basi nimelisifu duka: WE ARE COLD. Mzee wa kigeni kashuka, kanitazama kwa huruma, kavua sweta lake, kanivika. Oktoba hii! Hakununua hata maji. Elieth kasema nimeandika kwamba tunasikia baridi, kajitolea kuniandikia kibao. Nikakataa. Agnetha naye akakataa kunipakulia mpaka nikubali. Nimekula kwa Luhende. Mlenda wake mtamu, inauma kusema.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mlenda umenifungua akili. Wageni wa kesho watakula! Kuku wa kienyeji, ugali wa moto. Agnetha kakubali kupika, mradi nisiguse rangi. Nimegusa. Kamusi: "cook", nomino, mpishi. "Visitors", wageni. Mpishi wa wageni yupo hapa: COOK VISITORS HERE. Elieth kashika kichwa. Eti "cook" ni kitenzi pia, na likikaa mwanzo hivyo linaamuru: pikeni wageni hapa! Nimemwambia atulie. Mgeni mwenye akili ataona mwenyewe kwamba ni nomino.

Jumamosi, 11 Oktoba
Ushindi! Basi zima limeshuka mbele ya kibao changu. Wamekipiga picha, wamecheka hadi machozi. Mmoja kajilaza mezani, wenzake wakajifanya wanamtia chumvi. Kisha wakaingia wote! Kuku wameisha, soda zimeisha, Luhende mwenyewe kaniazima viti. Elieth anasema kilichowavuta ni kosa. Kosa! Nani hushiba kosa? Ni nomino.

Maskini Luhende. Miaka yote kibao chake kinasomeka vizuri, na hakuna mgeni aliyewahi kukipiga picha. Kesho baada ya ibada naanza kumfundisha Kiingereza.