Kombe la Tsukrovyk Chini ya Jiko Langu

Jumatatu, 5 Oktoba 2009
Jumapili mwanangu Severyn anatimiza mwaka. Kwa desturi yetu atakatwa nywele za kwanza, amekalishwa juu ya koti la ngozi ya kondoo, watu wamejaa, supu inachemka. Koti lipo. Supu nitapika. Kasoro ni watu. Lukian wangu yuko Poland anapaka rangi nyumba za wengine. Baba wa ubatizo wa mtoto yuko hukohuko, wanalala chumba kimoja. Nimemwalika jirani, Motria. Akasema ataona. Motria akisema ataona, ndio basi tena. Nimeongea na mtoto kutwa nzima. Anajibu "ba".

Jumanne, 6
Nimepata akili.
Dukani wazee walikuwa wanabishana tena kuhusu Tsukrovyk, timu yetu ya kiwanda cha sukari. Kiwanda kimefungwa, timu imekufa, ubishi mzima kabisa. Wakataja majina yote ambayo timu ilibadilishiwa. Wakakumbuka enzi za ligi daraja la pili, wachezaji wanalipwa mshahara kama watu wa ofisini. Halafu wakafika palepale: kombe la mkoa la mwaka 1966. Limekwenda wapi? Kila mtu ana mwizi wake.
Nikasema, taratibu, huku nachagua vitunguu, kwamba kwenye nyumba yangu zamani alikaa mtunza vifaa wa timu. Na kwamba stoo ya chini ina kona ambazo hazijawahi kuchimbwa. Yote mawili kweli. Duka likanyamaza. Sijawahi kunyamazisha duka.

Jumatano, 7
Wamekuja hata sijamaliza kumvisha mtoto. Motria wa kwanza, na tochi. Ameniita "mwanangu". Tangu nihamie hapa nilikuwa "yule wa Lukian".
Babu Panas, aliyekuwa kipa wa Tsukrovyk, hakushuka chini. Alisema magoti yake hayataki ngazi. Akakaa jikoni, Severyn mapajani, akala varenyky, zile za unga wa kuchemsha nilizojaza viazi, sahani mbili, kimya. Chini wanachimba na kugombana nani alifunga bao la fainali. Nimesimama kwenye korido nikisikiliza tu. Nyumba yangu ina kelele.

Alhamisi, 8
Wamefika ukuta wa Motria. Motria kasema kombe likionekana upande wake, ni lake. Mzee Yukhym akamwambia, shangazi wewe, hata jiwe hujawahi kulipiga teke, leo una kombe? Motria akamjibu kuwa yeye Yukhym alikaa benchi mpaka benchi likaota uyoga. Nilicheka hadi Severyn akaamka.
Rafu imeanguka. Nyanya zangu za siki za chupa, akiba ya majira yote ya baridi, zimemwagika. Nikasema si kitu. Nikawaambia Jumapili kuna supu na mtoto anakatwa nywele. Wote wamesema watakuja, maana kona ya kushoto bado.

Ijumaa, 9
Lukian kapiga simu. Habari zimefika Poland. Akauliza kama kweli tumepata kombe. Nikasema bado. Akauliza ni akina nani hao wanacheka. Nikasema wageni. Akasema vizuri, una wageni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekaa kitandani peke yake.

Jumamosi, 10
Kona ya kushoto imeisha. Wamepata pampu ya kujazia mipira, imeoza. Wakaizungusha mikononi, wakairudisha chini. Yukhym kasema huyu binti katuchezea. Motria alinitazama kama vile kombe nimelila mimi, akaondoka na tochi yake. Limebaki shimo, udongo hadi kitandani, na harufu ya siki.
Lakini supu walisema watakuja. Supu ni supu.

Jumapili, 11
Nilipanga viti vyote, na ubao juu ya ndoo mbili. Sufuria kubwa ya borshch, supu yetu ya bitiruti. Nikamkalisha Severyn juu ya koti, nikamtoa, nikamkalisha tena. Mchana ukapita. Kila mlango wa jirani ukilia, nilikuwa napanga vijiko upya.
Hodi ikapigwa. Babu Panas, amevaa tai, makasi ameyafunga kwenye leso. Nikamwambia samahani babu, kombe hakuna. Akasema anajua. Lilikuwa kombe la kuzunguka: bingwa anakaa nalo mwaka, anarudisha. Mwaka uliofuata alilipakata mwenyewe kwenye basi, akawakabidhi waliotufunga. Hatukushinda tena, watu wakaona afadhali liwe limeibwa.
Nikamuuliza mbona hakusema tangu Jumatano. Akasema varenyky zilikuwa moto. Na kwamba nyumbani kwake inayoongea ni redio tu.
Akamkata Severyn mbele, nyuma, kulia, kushoto, kwa mfano wa msalaba. Mikono ya kipa, mikubwa. Mtoto hakulia. Alimwambia "ba". Babu akajibu "naam". Tukala tulivyoweza. Sufuria haikupungua.

Jumatatu, 12
Nimefikiri usiku kucha. Kosa nimeliona. Kosa lilikuwa stoo, kwa sababu ya nyanya.
Leo kwenye foleni ya mkate nikasema, taratibu, kwamba mtunza vifaa yule alikuwa anapanda sana darini, na darini sijawahi kufika, na bendera ya kwanza ya timu haijulikani iliko. Motria akasema haniamini tena mpaka aingie kaburini. Halafu akauliza ngazi ninayo au alete yake.
Babu Panas alikuwa nyuma yake. Hakunisahihisha. Aliuliza tu, safari hii ni viazi au kabichi?
Nimekanda unga wa watu wengi.