Viatu vya Posa Vilivyokwenda na Maji

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya mkwe. Mkwe mtarajiwa. Alikuwa.

Mnanijua: mimi mtu wa Waberi, Garissa, mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka mkekani hadi kwenye birika la chai. Lakini jana nilipanda basi hadi Malindi na mjomba wangu, Abti Nur, kumposa Hamdi. Babake, Mzee Abdi, ukame ulimmalizia ngamia wote. Sasa analinda mbao za vijana wanaoteleza juu ya mawimbi ufukweni. Basi miezi mitatu nimesoma habari za mawimbi kwenye simu, nije nimpendeze mzee. Urefu, upepo, yote. (Bahari yenyewe sikuwa nimeiona.)

Tulifika ufukweni alasiri imeingia. Nikasema tuswali kwanza, ndipo twende kwa mzee. Furushi la zawadi tukaliweka kwenye mchanga mkavu, viatu vyetu juu yake.

Kijana akapita na ubao kwapani. Nikamuuliza kitaalamu, "Mawimbi vipi leo?"

"Poa sana! Maji yanajaa, saa hii ndiyo yananoga."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyezaliwa na papa.

Abti hakuridhika. "Mpwa wangu, maji hayatafika hapa?"

"Yafike kwa mvua gani? Tazama mbingu!"

Kwetu laga ni mto mkavu, haujai bila wingu huko juu. Wingu halikuwepo. Hesabu imekwisha!

Rakaa ya pili nikahisi miguu imepoa. Nikadhani ni imani. Kwenye sijda nikanywa chumvi.

Tulipotoa salamu, furushi lilikuwa linaogelea. Nikalifuata na kanzu yangu. Wimbi likanibwaga, la pili likanizika. Vijana wa mbao wakapiga makofi! Mzee mmoja akaingia majini taratibu, akaniinua kwa kola, akatoka na shuka moja ya zawadi, imelowa. Viatu, wapi!

"Ndiwe wa Garissa?"

"Ndiyo, mzee."

"Yule anayejua mawimbi?"

(Ardhi, pasuka.) Abti alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

Mzee Abdi akaikamua shuka, hana haraka. "Mimi nilipoteza ngamia kwa kukosa maji. Wewe umepoteza viatu vya mjomba wako maji yakiwa tele. Binti yangu atakaa wapi na wewe?"

 

"Rudini kwenu," akasema. Chai hakutupa. Msomali hakutupa chai! Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Sasa tuko stendi, tumevaa ndala za kununua. Hamdi ametuma ujumbe mmoja tu: "Kiatu chako cha kushoto kimerudishwa na maji. Baba amekianika."

Amekianika, hajakitupa. Nawaomba, msicheke mpaka kikauke.