Macho ya Mfalme

Jumatatu, 3 Juni
Darasa langu la ukusanyaji sarafu kwa wanaoanza limepata wanafunzi watatu: mshona nguo, nesi na Fundi Saa. Fundi Saa ana lenzi yake mwenyewe. Mimi sina. Kaja kunichunguza, najua! Kauliza kama kile kitabu changu cha sarafu nimekisoma chote. Nimejibu nimesoma vya kutosha. (Kurasa kumi na moja.) Somo la kwanza: sarafu kuukuu haisafishwi. Wote wakaandika. Raha iliyoje!

Jumanne, 4 Juni
Nataka sarafu ya kumfunga mdomo Fundi Saa. Baba mkwe anayo moja ya fedha, nyeusi kwa uzee, ina uso wa mfalme. Aliachiwa na marehemu mama yake. Mke wangu kaenda kuiazima, kabembeleza nusu siku. Kanionya kwamba yeye ndiye aliyenidhamini. Ikipata hata mkwaruzo, hana uso wa kumtazamia baba yake. Kisha akatoa ujumbe wa mzee: ni ya kusafisha macho tu.

Macho tu! Ajabu. Kitabu kinakataza, lakini mwenye mali kasema. Nimechukua kijiti cha meno, majivu na limau. Saa mbili nzima. Macho yanang'aa. Pua sikuigusa. Mimi ni mtu wa kufuata maagizo.

Jumatano, 5 Juni
Nesi kalalamika kuwa mfalme anamkodolea. Mshona nguo kahama kiti. Fundi Saa kacheka hadi lenzi ikamdondoka. Nilipomweleza agizo la mkwe, akaniuliza kama nikienda kusafisha macho madukani huwa nabeba sabuni. Kusafisha macho ni kutazama tu, akanifundisha mbele ya wanafunzi wangu! Kwani sijui? Najua tangu utotoni! Ila jana halikunijia. Mzee anaifuata sarafu yake Ijumaa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimepaka masizi. Yametoka. Nimepaka dawa ya viatu. Mfalme sasa kama kapigwa ngumi. Mke wangu kauliza harufu ya viatu inatoka wapi. Nimesema viatuni.

Ijumaa, 7 Juni
Mkwe kafika. Kaipangusa sarafu kwa kidole gumba, kama kawaida yake. Dawa yote ikahamia kidoleni. Mke wangu akainamisha kichwa. Hapo nikaungama kila kitu, mpaka limau.

Mzee akaisogeza dirishani. Akasema mama yake alikuwa akiwaambia wapunguze kelele, mfalme kalala. Miaka sitini na ushee, leo ndiyo kwanza anayaona macho yake. Akacheka hadi akaomba maji. Akasema haiuzi hata kwa dawa, kwa hiyo hajapoteza kitu, ila nisirudie. Lo! Pumzi niliyoibana tangu Jumatano nimeishusha yote. Mke wangu kaniongeza chai bila kuombwa.

Jumapili, 9 Juni
Nimeapa: kuanzia leo naelewa kwanza, ndipo nafanya. Mzee katuazima sarafu ya pili, nyeusi tii. Mke wangu kaileta na ujumbe: hii nisiiguse hata kwa kidole.

Nimemsikia vizuri kabisa. Kidole. Mswaki hakuutaja.