Kilo Saba za Mama Lynnet

Habari yenyewe ililetwa na Matiko, kama kawaida yake. Fundi huyu wa simu alitoka Migori miaka minne iliyopita, akafungua kibanda karibu na ufuo wa Homa Bay, na kwa kuwa simu yake haijawahi kukosa intaneti hata siku moja, watu walimbatiza Bando. Asubuhi hiyo aliketi kwenye benchi la Nyaboke, muuza chai na mandazi, akapuliza chai yake, akasoma kwa sauti ya mtangazaji:

"'Shirika la ndege za bei nafuu, Nyange Air, linaanza leo safari mpya kati ya Homa Bay na Nairobi. Tiketi ni shilingi elfu mbili na mia tisa pekee.'"

"Hiyo ni bei ya kupanda ama ya kuangalia?" akauliza Otieno. Huyu ni mvuvi, jina lake la benchini ni Nyavu, na kama angekuwa anavua samaki jinsi anavyovua makosa ya watu, angekuwa tajiri zamani.

"Ngoja nimalize, omera. 'Mwakani, safari zitafika hadi Migori.'" Bando akajipiga paja. "Si nimewaambia? Migori ndio mji. Nyinyi mnajaribiwa tu."

"Kutoka hapa mpaka Migori kwa ndege ni dakika ngapi?"

"Kumi hivi."

"Dakika kumi! Yaani rubani akimaliza kusema karibuni, anaunganisha na kwaherini. Chai mtakunywa saa ngapi?"

"Chai ni ya kununua," alisema mwingine benchini. "Soma maandishi madogo huko chini, Bando. Huko ndiko wanaficha kisu."

Huyo alikuwa Bonface, mnunuzi wa samaki. Tangu apate friji mbili husema "kampuni imeamua" akimaanisha yeye mwenyewe, kwa hiyo ufuo mzima humwita Kampuni. Mizani yake ya kuning'inia hukaa kwenye nguzo, hatua kumi kutoka benchini, na kila samaki anayetoka ziwani upande huo hupita kwenye ndoano yake.

Bando akateremsha kidole kwenye kioo. "'Begi moja la mkononi, lisizidi kilo saba. Likizidi, shilingi elfu tatu na mia tano.'"

"Begi inalipa kuliko mwenyewe?" Nyavu akasimama. "Basi mimi nitaingia ndani ya begi, begi ikae kwa kiti!"

"'Kuchagua kiti, mia tano.'"

"Na kama sijachagua, nitashikilia bawa?"

"'Kuchapishiwa tiketi uwanjani, elfu moja.'"

"Karatasi moja! Hata picha ya harusi yangu haikufika hapo."

"'Mtoto chini ya miaka miwili, anayepakatwa, halipiwi kiti.'"

"Nyaboke, nipakate," Nyavu akasema, na Nyaboke, aliyekuwa akigeuza mandazi kwenye karai, akamwonyesha upawa wa moto.

Kampuni hakucheka. Alikuwa amekasirika kwa dhati, mpaka kofia ikamkaa upande. "Hao ni wezi, yawa! Mtu anakuita na bei tamu, halafu anakukata kidogo hapa, kidogo pale, pole pole usione. Serikali inaangalia tu. Mimi mtu akinipunja hata kidogo, kampuni inaenda kortini!"

Mwishoni mwa benchi, Barnabas alikuwa akisikiliza huku akinywa chai yake. Ndiye mpimaji wa Kampuni kwa mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila asubuhi hutundika samaki kwenye ile ndoano, husoma sindano, na kwa kuwa ametundika samaki wengi kuliko idadi ya nywele zake, mkono wake ulishajua uzito kabla ya sindano kutulia. Wanawake humletea mahindi, kuku, hata watoto wachanga, awabebe na kutaja kilo. Wanamwita Mizani. Hakuwahi kuwa na shamba la kujivunia wala nyumba ya kuwaonesha wageni, ila mkono huo aliuringia waziwazi, na hakuona aibu.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka Rispa, amevaa gauni la kanisani, begi jeusi kifuani.

"Oyawore, wazee," alisema huku akihema. "Mzee Mizani, nisaidie, ndege ni saa nne."

Benchi zima likageuka. Kumbe abiria wa Nyange Air alikuwa mtu wa kwao! Binti yake, Lynnet, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza huko Nairobi, akamnunulia mama tiketi kwa simu. Rispa alikuwa anakwenda kumwona mjukuu, na alikuwa anaingia nyumba ya mkwe kwa mara ya kwanza.

"Umebeba nini?" Mizani akauliza.

"Mbuta wawili wakavu nimefunga ndani ya ndoo ya mafuta, kifuniko nimekaza, isinuke. Unga wa uji, mtama na muhogo. Omena kidogo. Na nguo zangu."

"Tuma hiyo samaki na basi," Bando akashauri. "Wewe upande ndege huru."

Rispa alimtazama mpaka Bando akaangalia simu yake. "Kijana, nyinyi kwenu Kuria mnaingiaje kwa mkwe? Mikono inaning'inia hivi, halafu unawaambia chakula kiko nyuma kinakuja na basi? Mimi mtoto wangu amezaa. Nitaingia na chakula mkononi, ama nirudi nyumbani nilale."

"Mano adier," Nyavu akaunga mkono. "Pima, Mzee."

Mizani akaweka kikombe chini, akajifuta viganja kwenye suruali, akainua begi kwa mkono mmoja. Akafumba jicho. "Nane. Toa kilo moja."

Rispa akafungua begi pale pale. Omena akamwachia Nyaboke awakaange. Alipofika kwenye samaki mkono ukasita, ukaruka, ukatoa nguo zake mwenyewe, gauni moja na jingine, na sweta.

"Hizo uvae," Nyavu akamwambia. "Mwili hawapimi."

Basi mama wa watu akavaa gauni juu ya gauni, na sweta juu ya yote, jua likiwa tayari limepanda. Nyaboke akamvuta zipu mgongoni. Mizani akainua begi tena, akalichezesha kidogo.

"Saba. Kamili."

"Una uhakika, Mzee?" Rispa aliuliza kwa sauti ndogo. "Nina mia sita tu. Hiyo ingine siwezi."

"Mama Lynnet. Ni mkono gani huu?"

Nyavu, ambaye hapendi sherehe ipite hivi hivi, akalinyakua begi. "Twende tuthibitishe kwa chuma!"

"Aah, acha," Kampuni akasema haraka. "Hiyo ndoano ni ya samaki. Itamchafulia mama begi."

"Begi yenyewe ina samaki!"

"Na watachelewa..."

Lakini begi lilikuwa tayari kwenye ndoano. Sindano ikapanda, ikatetemeka, ikasimama kwenye saba kama imepigiliwa msumari. Benchi likashangilia. Bando akapiga picha. Rispa akamshika Mizani mkono kwa mikono yake miwili, akapanda bodaboda akiwa mnene kuliko alivyokuja, akaondoka akipunga mkono.

Mizani aliketi tena, na chai ile ile iliyopoa ikawa tamu.

Walikuwa wamefika kwenye swali la kama choo cha ndege nacho kinalipiwa, Nyavu akisema atavumilia mpaka Nairobi, simu ya Mizani ilipoita. Bando akaiwekea sauti kubwa.

"Barnabas!"

Jina lake la ubatizo. Rispa hakuwahi kumwita hivyo.

"Barnabas, mkono wako umeniuza. Begi ni kilo nane na robo tatu! Wanataka elfu tatu na mia tano. Nimewaambia nimepimiwa na mtu, wamecheka. Nimevaa nguo zote, navuja jasho hapa kama chungu, hakuna kitu ingine ya kuvaa. Wanasema nitoe samaki. Nimetoka nyumbani na mbuta wawili, niwaachie wageni kwa kaunta, niingie kwa mkwe na unga tupu?"

"Mizani yao imeharibika!" Kampuni akaruka. "Si nilisema ni wezi? Mwambie akatae! Mwambie aite polisi!"

"Wamepima begi ya kila mtu hapo hapo," sauti ikajibu. "Mlango unafungwa baada ya dakika ishirini."

Mizani aligeuza kiganja juu. Alikuwa anautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyekamatwa na kuletwa nyumbani na chifu. Miaka kumi na tisa, na siku mama wa watu alipouhitaji, ukamwangusha mbele ya wageni. Ilimuuma, na wote waliona kwamba imemuuma.

"Lakini na chuma pia ilisema saba," Bando akasema, akionesha picha. "Hii hapa. Mkono saba, chuma saba. Ndege nane na robo tatu. Mmoja anadanganya."

"Ni ndege!" Kampuni akasema.

"Hiyo ni rahisi kujua," Nyaboke akasema. Mwanamke huyu wa Kisii huongea mara mbili kwa siku, kufungua na kufunga. Aliinama chini ya meza, akatoka na pakiti ya unga wa ngano ambayo haijafunguliwa, ile ya mandazi ya kesho. "Hii ni kilo mbili, imeandikwa na kiwanda. Kiwanda hakimjui Rispa, wala hakimjui Kampuni."

Akaitia ndani ya kikapu chepesi cha makuti, akatembea zile hatua kumi, akatundika.

Sindano ikapita moja. Ikapita moja na nusu, kidogo tu. Ikakaa hapo, hata uzito wa kikapu haukusaidia.

Nyavu akaisogelea, akaisoma mara mbili. 

"Unga ya siku hizi," Kampuni akasema, akisafisha koo, "hawajazi. Viwanda navyo ni wezi sana."

"Toa," Mizani akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti hiyo kwake. Nyaboke akampa pakiti. Aliipokea kwenye kiganja, akafumba jicho, na mkono wake ukamwambia kitu kile kile kilichosemwa na chuma: moja, na zaidi kidogo ya nusu. Akafumbua jicho. Kwenye karatasi, kwa herufi nyekundu, paliandikwa kilo mbili.

"Mkono haujakosea," alisema polepole. "Mkono umefundishwa. Umefundishwa hapa."

Bando alikuwa ameshafungua kikokotoo. "Nane na robo tatu, gawa kwa saba... Kila kilo ya hapa ni kilo moja na robo. Nyavu, ukileta samaki kilo hamsini, hapa inasoma arobaini. Kumi inapotea."

"Inapotelea wapi?" Nyavu aliuliza, ingawa alikuwa amekwisha kugeuka kumtazama mwenye friji mbili.

"Wazee, hiyo ni mambo ya spring," Kampuni akasema. "Spring inachoka. Hata mimi sikujua!"

"Spring ikichoka inalegea, mzigo unasoma juu," fundi Bando akasema. "Hii yako inasoma chini. Hii haijachoka. Hii imepewa kazi."

"Hallo?" simu ikaita kutoka mezani. Walikuwa wamemsahau. "Bado mko? Dakika kumi!"

Kampuni akatoa simu yake mfukoni kwa kasi ambayo hata moto haungemfanya aipate. Vidole vikacheza. "Mama Lynnet! Nimekutumia elfu nne! Lipa hiyo begi, panda ndege, salimia mjukuu! Kampuni imeamua!"

"Ngai!" Rispa akashangaa. "Kampuni? Wewe? Kwani nimekukosea nini?"

"Hakuna. Ni roho tu."

"Mungu akubariki. Na Barnabas..." Sauti ikalainika. "Mzee Mizani, usilale na hiyo maneno. Nimekasirika tu. Nitakuletea picha ya mtoto, uniambie ana kilo ngapi."

Ikakatika. Mizani akapangusa uso kwa mkono ule ule.

"Wewe uliwaita watu wa ndege nini asubuhi?" Nyavu akamuuliza Kampuni, sasa bila utani. "Si ulisema ni wezi? Wao angalau waliandika. Ukisoma maandishi madogo, utaona kisu. Wewe yako uliandika wapi? Miaka kumi na tisa nakuletea samaki, hata maandishi madogo hukunipa."

"Tutaongea, Nyavu. Kama watu wazima. Nyaboke, wawekee wote chai, mimi nalipa!"

Hakuna aliyeshika kikombe. Kutoka ziwani ulisikika mlio wa injini, boti ya kwanza ikaja na samaki wa usiku, na wavuvi wengine walianza kuteremka na makarai yao kuelekea kwenye nguzo. Ndiyo saa ya Mizani kusimama, na akasimama. Lakini badala ya kuchukua daftari, alichukua ile pakiti ya unga, akaikumbatia kifuani, akaanza kuteremka.

"Mzee, unaenda wapi na unga?" Kampuni akamfuata, kofia mkononi.

"Kazini. Kuanzia leo tunatundika unga kwanza, kila mtu aone unga unasema nini. Kisha samaki."

"Kila siku?"

"Kila boti."

Juu ya paa za mabati ikapita ndege nyeupe, chini chini, ikielekea Nairobi. Wote wakainua nyuso, wavuvi, Bando, hata Kampuni. Nyavu akapunga mikono yote miwili. "Mama Lynnet! Mbuta wote wawili wako juu!"

Nyaboke peke yake hakuangalia ndege. Alikuwa ameegemea meza, mikono imefungwa kifuani, akimtazama Kampuni anavyokimbilia ile pakiti ufuoni.

"Kampuni!" akaita, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuongea siku hiyo. "Hiyo unga ilikuwa ya mandazi. Sasa imekuwa mzigo wako wa ziada. Utailipia ukirudi!"