Jumatano Iliyofutwa Sotik

Kwa fahari kubwa natangaza kwamba mwaka 1957, Ofisi ya Vibali vya Miche, Sotik, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuendeshwa kwa saa za baraka. Mimi, Naftaly, karani wa daraja la tatu, ndiye niliyepiga mistari ya rejista, tena kwa rula.

Mkuu wetu, Bwana Harcombe, alikuwa amekwama matopeni mara tatu kwa wiki moja. Kantilal mwenye duka na lori hakuwa amekwama hata mara moja. Siri yake ilikuwa kalenda ya Kihindu. Ilionyesha kwamba kila siku ina kipande kibaya cha saa moja na nusu, kinachohamahama, ambacho ndani yake mtu haanzi jambo. Bwana akaamuru saa zake zibandikwe mlangoni. Kisha akauliza mbona kwenye tarehe za kalenda ile, wiki hiyo, nambari sita haimo.

"Siku ya mwezi naingia jua iko juu tayari, naisha kabla jua ya kesho," Kantilal akaeleza. "Hiyo hapana ona jua kutoka. Basi sisi naruka nambari. Jumatano iko tano, Alhamisi iko saba."

"Kwa hiyo Jumatano haiko," Bwana akasema, akatia sahihi: lolote litakalotendeka Jumatano lihesabiwe halikutendeka. Kantilal alifungua mdomo, lakini kikao kilikuwa kimefungwa.

Chelangat, mkulima wa jirani, alikuwa na miche mia mbili ya chai ndani ya gunia bichi, imeanza kugeuka manjano. Kupanda bila kibali ilikuwa kosa. Jumatatu alifika saa mbili asubuhi, kipande kibaya. Akarudi kukamua ng'ombe. Jumanne akafika saa tisa alasiri, kipande kibaya.

"Karani, hii miche inakufa."

"Rudi Alhamisi, mama."

"Na kesho?"

"Kesho haipo."

Akajitwisha gunia lake. "Sawa. Kama haipo, hakuna mtu ataniona."

Alhamisi tulimkuta shambani, na miche yote mia mbili imesimama kwa mistari. Bwana akataka ing'olewe.

"Wewe napanda lini?"

"Jumatano, Bwana."

"Naftaly, andika."

Nikafungua rejista. Kutoka Jumanne ilikwenda moja kwa moja Alhamisi. Nikasoma amri pamoja na sahihi yake: chai ile haikupandwa, na kisichopandwa haking'oleki. Kumshtaki kungemlazimu Bwana kuwaandikia wakubwa akieleza Jumatano aliipeleka wapi. Akatafakari, akatoa kibali na kalamu.

"Ngoja, Bwana," Chelangat akasema. "Sasa ni saa nane. Mlango wenu unasema leo ni mbaya mpaka saa tisa. Mimi nataka kibali ya baraka."

Akaingia nyumbani mwake kunywa chai. Mvua ikaanza. Gari letu likazama matopeni hadi ekseli. Lori la Kantilal likapita barabarani bila taabu, naye akatupungia mkono.

Saa tisa kamili Chelangat akatoka, akafudikiza sufuria mbele ya Bwana ili apate mahali pa kuandikia.