Sosholojia Yaingia kwa Dobi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza darasa la jioni la sosholojia. Raha iliyoje! Mwalimu anasema jamii ni kama mwili: kila kiungo kina kazi yake, kimoja kikigoma mwili mzima unalala. Wanaita uamilifu. Kumbe ndiyo maana! Pale kwa dobi mimi ndiye napokea nguo na kuzibandika namba. Bila mimi, suruali ya hakimu itavaliwa na muuza samaki. Na nafasi ya msimamizi iko wazi. Mwenye duka, shangazi wa mke wangu, anamtupia jicho mpiga pasi tunayemwita Kola. Kola! Mtu kimya, utadhani ana maji mdomoni. Nimeamua: kesho naugua. Walione pengo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeugua. Nimelala, nimekunywa chai, nimesubiri simu ya kubembelezwa. Kimya. Jioni mke wangu kapitia dukani, karudi anacheka. Eti foleni leo iliisha mapema, na shangazi anauliza kama homa inaweza kufika Ijumaa. Nikamweleza kwamba hayo ni mafumbo ya mtu aliyezidiwa. Akasema, "Haya, baba." Ile "haya" yake siipendi.

Jumatano, 5 Machi
Uamilifu umepitwa na wakati. Leo tumesoma nadharia ya mgogoro: wenye nacho huwakamua wasio nacho, na hawa wakizinduka, mambo hupinduka. Damu ilinichemka!

Alhamisi, 6 Machi
Saa ya chai nimepanda juu ya kapu la nguo chafu, nimehutubia. Nimewaambia wenzangu sisi ni tabaka. Chumba cha pasi ni tanuri, na feni iko wapi? Kwa shangazi, inapepea kalenda! Makofi! Nikasema tunahitaji kiongozi wa kupeleka madai, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu nikingoja kutajwa.
Wakamchagua Kola. Kwa kauli moja. Kapu nalo likapasuka, nikazama kwenye mashuka ya watu.
Kola aliingia kwa shangazi, muda si muda akatoka amebeba feni. Upepo mwanana, sikatai. Ila hilo si hoja.
Jioni, darasani: mtu huwa vile watu wanavyomwita na kumtazama. Hii sasa ndiyo yangu! Nimerudi dukani kabla hawajafunga, nimeitumbukiza tai yangu nyekundu mashineni pamoja na nguo za watu. Kesho nitavaa sura ya msimamizi.

Ijumaa, 7 Machi
Tai shingoni, funguo kiunoni, moja sijui hata ni ya wapi. Nimemwomba mama wa mashine aniite Msimamizi mbele ya wateja. Kakubali haraka mno.
Mara kaingia kiongozi wa kwaya, mkononi majoho aliyoyachukua asubuhi. Jana yalikuja meupe. Leo ya waridi. Akauliza kwa sauti ya besi msimamizi ni nani. Duka zima likaninyooshea kidole, na shangazi wa kwanza. "Ndiye huyu!"
Nadharia ni ya kweli kabisa. Nilikuwa msimamizi kwa muda wote niliokaripiwa.
Kola akamwomba radhi yule mzee, akaahidi tutayafua upya bure. Wakati huo wanakwaya wawili waliokuwa wakingoja nje wakaingia, wakayaona majoho, wakapiga vigelegele. Miaka wanaomba rangi! Mzee akanywea, akaondoka nayo.
Shangazi akatangaza msimamizi: Kola. Naye, amri yake ya kwanza, akanisogezea kiti karibu na feni. Ananiogopa, ni wazi.

Jumamosi, 8 Machi
Wiki njema. Nimekaa kwenye upepo siku nzima. Mwalimu katuambia hata mvunja kaida ana faida, maana kwake wengine hujifunza lisilofaa. Mke wangu akasema shangazi ananitaja hivyo hivyo kila siku. Sikujua ananisifia kiasi hicho!
Nimeiva. Jumatatu namwomba mwalimu aniachie darasa niwafundishe wenzangu, naye apumzike kidogo. Anaonekana kachoka, hasa nikinyoosha mkono.