Mzinga Uangalie Chini

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu ametoa hukumu. Mimi na kaka yake tushindane Jumamosi bwawani. Atakayezamishwa meli atamchukua mama yao akaishi kwake. Kwangu maana yake chumba cha uani, yaani karakana yangu. Nimemwambia sitazama. Kaniuliza nimebadili meli au nimebadili akili. Ana mdomo huyu.

Meli zetu ni za kuchezea, zinakwenda kwa rimoti. Mizinga lakini si mchezo: inatema gololi za chuma kwa gesi, na ubavu wa meli ni ubao laini unaotoboka. Wazee wazima, wajukuu tele.

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kapita “kunisalimia”. Alikuwa fundi wa meno, kila kitu anakichungulia kama kimeoza. Kaichungulia meli yangu, kaniuliza, shem, hii imepigana au imeliwa na mchwa? Halafu kapima karakana kwa hatua. Eti kitanda cha mama kitaenea vizuri. Mwana mwema kweli, anavyomtafutia mamake pa kulala.

Jumatano, 6 Machi
Nimesoma kanuni za klabu yetu ya meli. Sijawahi. Mzinga ufungwe kwenye kiti chake, usihamishwe. Mdomo usinyanyuke, gololi isije ikamtoa mtazamaji jicho. Nimerudia kusoma. Hakuna panaposema mwisho wa kuinama ni wapi. Hawa watu wamesoma, ila hawafikirii.

Basi nimechomeka kabari chini ya kitako cha mzinga. Mdomo sasa unaangalia chini kama bwana harusi mwenye deni. Gololi itaingia majini, imtoboe shemeji tumboni asione. Nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kaja kunishika paji la uso.

Ijumaa, 8 Machi
Ukaguzi. Mkaguzi wetu ni nesi mstaafu, tunamwita Mama Kipimo. Kaweka pima maji juu ya mzinga, kanitazama, kaweka tena. Kasema haujanyanyuka, kwa hiyo umepita. Kaniuliza, babu, una uhakika? Nikamwambia agonge muhuri, siri za vita hazisimuliwi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemwendea shemeji ubavuni. Nikafyatua. Papo hapo sitaha yangu ikatoboka, karibu na pua. Mshenzi kanipiga, nikawaza. Nikajibu. Tobo la pili. Nikajibu kwa hasira zaidi. Kila nikijibu natobolewa. Nikamtukana mbele ya watu, ukoo mzima, nikasahau nimeoa humo humo.

Meli ikainamisha pua, ikaenda chini. Ndipo Mama Kipimo akatangaza kwamba shemeji hajafyatua hata gololi moja. Kweli, rimoti alikuwa ameibana kwapani, anapiga makofi.

Jumatatu, 11 Machi
Mama mkwe kahamia. Karakana sasa ni bafuni. Leo kabisha hodi, nikamwomba avumilie, meli iko ndani ya beseni. Kaingia hivyo hivyo. Kautazama mzinga, kaniambia, baba, hebu unyanyue mdomo kidogo, unajipiga mwenyewe.

Nimemshukuru kwa adabu zote za mkwe. Mtu mzima yule, miwani yenyewe ya kuazima, ajue nini habari za mizinga? Kosa nimeshaliona. Ule mmoja haukuinama vya kutosha. Nafunga wa pili.